Kabari Zangu Mbili

Jumamosi iliyopita mliniacha jikoni, unga umenifika viwikoni, nikijifanya sijui kitu. Unga nilishanawa. Aibu ndiyo haijatoka.

Kwa aliyekosa gazeti, nimweleze kwa ufupi. Mimi ni Deolinda, mjane wa Serafim mkamuaji. Tulitoka visiwani kwetu, Ureno, tukaja kwenye bonde hili la California tungali vijana, na tangu siku ile tumenuka maziwa. Mjukuu wangu Natália nimemlea mimi tangu ana meno mawili. Anasoma chuo cha miaka miwili hapa wilayani, na ameomba kuhamia chuo kikuu kule pwani, aje kuwa daktari wa wanyama. Wanataka barua mbili za watu wa kumpendekeza. Mbili tu, ya tatu hawapokei.

Ya kwanza alimwomba mwalimu wake wa kemia, Mwalimu Lindquist. Ya pili akanituma mimi.

"Bibi, mwambie Padri Horácio aniandikie. Moja tu, Bibi. Umenisikia? Moja."

Nilimsikia. Masikio yangu ni mazima, tatizo liko katikati ya masikio.

Kwetu visiwani, wanangu, mlango haufunguliwi kwa kusukuma. Mlango unatiwa kabari. Ukitaka kazi, ukitaka kibali, hata ukitaka kitanda hospitalini, unamtafuta mtu mwenye jina, anakutangulia na neno lake kama kabari kwenye ufa, nawe unapita nyuma yake umeinamisha kichwa. Mimi na Serafim tuliingia nchi hii kwa barua ya padri. Sasa nikawaza: Mwalimu Lindquist ni nani? Mwanamke mwembamba, gari lake mlango mmoja rangi tofauti, misa haendi, sikukuu haji. Jina lake litafungua nini?

Basi nikatia kabari mbili. Padri Horácio moja, na Senhor Gilberto Toste moja, mwenyekiti wa Ukumbi wa Sikukuu ya Roho Mtakatifu, mwenye ng'ombe ambao yeye mwenyewe hajui idadi yao. Nikazitia stempu kwa ulimi wangu mwenyewe.

Zikafika kabla ya barua ya mwalimu. Ndipo chuo kikuu kikamwandikia Natália kwenye kompyuta: barua zako mbili tumezipata, faili lako limetimia, asante.

Hapo ndipo mliponiacha.

"Nani ameandika ya pili?" Natália aliuliza.

"Labda mwalimu wako ameharakisha," nikasema, nikiukanda unga kama nimekosana nao.

"Mwalimu amenipigia sasa hivi. Alipotaka kuituma, imekataa. Nafasi zimejaa." Akaifunga kompyuta taratibu. Ningependa aibamize. "Bibi. Nitazame."

Nikamtazama. Mtu aliyeiba kuku hahitaji kuulizwa wakati manyoya yako kwenye ndevu, nami ndevu kidogo ninazo.

"Senhor Gilberto," nikasema.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha babu yake, akaokota punje za sukari mezani moja moja kwa kidole.

"Bibi, unakumbuka muhula ule Babu alipokuwa anaumwa?"

Ningesahau vipi? Alikuwa akimgeuza Serafim kitandani kila alfajiri kabla ya kwenda darasani, halafu siku nyingine haendi kabisa.

"Nilifeli masomo mawili muhula ule. Yameandikwa pale, kila mtu atayaona. Aliyekuwepo ni Mwalimu tu. Yeye ndiye angewaeleza. Bila barua yake watakachoona ni zile F mbili." Akainuka. "Mwisho ni kesho saa kumi na moja jioni. Basi, Bibi. Usijali."

Angenitukana ningelala. Hilo "usijali" lilinikesha.

Asubuhi nikakuta ameshaondoka. Nikajua kaenda darasani. Nikatoa mikate yangu ya mayai ofenini, ile mitamu ya sikukuu. Nikachagua ulioumuka vizuri kuliko yote, nikaufunga kwa taulo safi, nikapanda pikapu ya marehemu, nikaenda chuoni.

Mnacheka. Ndiyo, nimeharibu kwa kabari, na naenda kutengeneza kwa kabari nyingine ya mkate. Mbwa mzee haachi njia ya jikoni.

Niliegesha mahali pazuri penye kivuli. Baadaye nikaelezwa kwamba kivuli kile ni cha mkuu wa chuo.

Mwalimu Lindquist nilimkuta ofisini kwake, chumba kidogo kama banda la sungura, chupa za maabara dirishani zimepandwa maua.

"Mimi ni bibi yake Natália," nikasema, nikaweka mkate juu ya karatasi zake.

Akautazama kama nimemletea mtoto mchanga nikamwambia ni wake.

"Bibi, huu siwezi kuupokea."

"Una mayai tu na limau kidogo. Hauna nyama."

"Si hivyo. Nikiula kabla ya majibu kutoka, watasema nimenunuliwa."

"Kwa mkate?"

"Watu wamenunuliwa kwa vitu vidogo zaidi. Majibu yakitoka niletee, nitaumaliza peke yangu." Akausukuma kwangu kwa vidole viwili, kwa heshima. "Keti, Bibi. Najua kilichokuleta. Wewe ndiye mwenye ile barua ya pili?"

"Ya kwanza na ya pili. Hiyo Mwenyekiti aliiandika, lakini mimi ndiye niliyemsimamia."

Akaguna. Nikaona mdomo wake unataka kucheka, ameukataza.

"Nikuulize, Mwalimu. Barua yako ina nini ambacho ya Mwenyekiti haina? Yule ni mtu mkubwa. Malkia wa sikukuu hachaguliwi bila yeye."

"Siwezi kukuonyesha. Hata Natália mwenyewe amesaini kwamba hataisoma."

"Haisomi? Barua inayomhusu yeye?"

"Ndiyo maana wanaiamini."

Hilo nililitafuna. Kwetu barua ya kabari inasomwa kanisani, kila mtu asikie sifa, aliyeandika asikie zaidi.

"Ila kuna jambo naweza kukusimulia," akasema Mwalimu, "kwa sababu nililiona kwa macho, halikuanza kwenye barua. Muhula uliofuata alirudi kurudia somo alilofeli. Wengi hubadilisha mwalimu, wanaona haya. Yeye alirudi kwangu, kiti kilekile cha mbele. Siku moja ya mvua wenzake wamemaliza jaribio la maabara wamekwenda zao, yeye kabaki. Nikamwambia, jibu lako ni sahihi, nenda nyumbani. Akaniambia, 'Ni sahihi, Mwalimu, lakini sijui kwa nini ni sahihi.' Akamwaga yote, akaanza upya."

Mimi nimemlea. Najua anapenda soseji ya kuchoma iungue kidogo pembeni, najua anaogopa bata, najua alivyolia meno yakimtoka. Hili la mvua sikulijua. Jioni ile, nakumbuka, nilimgombeza kwa kuchelewa chakula.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imepungua.

Akageuza kompyuta yake akanisomea sheria yao polepole, kama anavyowasomea wanaofeli. Barua ikishaingia haiondolewi na mwombaji, wala na bibi wa mwombaji. Anaweza kuiondoa aliyeiandika tu, kwa kinywa chake, kabla ya muda kwisha. Ikitoka moja, nafasi itafunguka, naye atatuma yake papo hapo.

"Nitakaa hapahapa mpaka saa kumi na moja," akasema. "Wewe mtafute mmoja wao."

Padri Horácio alikuwa kwenye ndege, anakwenda kuhiji na wazee wa parokia. Huko juu hata mimi sina mtu.

Akabaki Senhor Gilberto.

Jamani, mnajua maana yake? Kumwendea mwenyekiti, mtu uliyembembeleza akuandikie, ukamwambia achukue barua yake arudi nayo nyumbani! Ni sawa na kuletewa bakuli la supu ya sikukuu mbele za watu ukalimimina chini. Nilitoka nikikokota miguu. Kwenye kioo cha pikapu nikakuta karatasi ya faini, kwa ajili ya kile kivuli. Nikaiweka chini ya mkate.

Milozi ilikuwa imechanua barabara nzima hadi kwa Gilberto, nyeupe pande zote, nami nikapita katikati yake kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume asiyemtaka.

Ofisi ya Gilberto imepakana na chumba cha kukamulia, mashine zinakoroma nyuma ya ukuta mchana kutwa. Ukutani amepanga picha za malkia wa sikukuu, wa kila mwaka, na mataji yao. Aliponiona akainuka, kofia akaivua.

"Shemeji! Umekuja kunishukuru? Haraka hiyo! Hata siku haijaisha."

Nikadhani anazungumzia barua.

"Shemeji Gilberto, ndiyo... barua ile imefanya kazi. Imefanya kazi mno."

"Nilikwambia! Kwani hujaisikia? Kaa." Akafungua droo, akatoa nakala. Wanangu, alikuwa ameitia kwenye fremu. Akavaa miwani, akakohoa.

"'Kwa wote wanaohusika. Mimi, Gilberto Toste, mwenyekiti wa ukumbi, nilimfahamu marehemu Serafim tangu ujana wetu. Ng'ombe aliowakamua yeye hawakuugua chuchu. Mikono yake ilikuwa na joto, na ng'ombe wanajua. Mkewe, Deolinda, anaoka mkate mtamu ambao hauna mfano wilaya nzima, na hajawahi kuubana mayai. Mjukuu wao Natália alipokuwa malkia wa sikukuu alibeba taji bila kuliangusha, ingawa siku hiyo kulikuwa na upepo.'"

Akashusha miwani. Macho yake yalikuwa na maji.

Mimi nilikuwa nahesabia kichwani. Chuchu za ng'ombe zimepata sehemu yao. Mkate umepata sehemu yake. Natália kapata sentensi moja, tena kagawana na upepo.

Nilikuwa nimejipendekeza mwenyewe chuo kikuu. Wakiwa na haja ya mwokaji, nafasi ni yangu.

"Ni nzuri sana, Shemeji," nikasema, na sikudanganya, maana kwenye ile mikono ya joto nilikuwa nimelia. "Nikuulize kitu. Wangekuuliza Natália anasoma nini, ungewajibu nini?"

"Anasoma..." Akakuna shingo. "Si mambo ya chuo?"

"Na muhula ule aliofeli, wangekuuliza kwa nini?"

"Kafeli? Natália?" Akakunja uso. "Mbona hukuniambia? Nisingeandika juu ya upepo."

Basi nikamweleza yote. Faili, nafasi mbili, mwalimu mwembamba anayesubiri kwenye banda la sungura. Nilivyokuwa nikiendelea, masharubu yake yalikuwa yakishuka.

"Kwa hiyo," akasema, "unataka nipige simu kwa wageni, niwaambie neno la Gilberto Toste lirudishwe."

"Ndiyo."

"Mwanamke asiyejua hata sikukuu yetu ni lini, neno lake lina uzito kuliko langu."

"Kwa jambo hili, ndiyo. Yeye alikuwepo."

"Na mimi sikuwepo?" Akapiga meza, malkia wote ukutani wakatikisika. "Nani alibeba jeneza la Serafim upande wa kulia mbele? Mwaka huu utakaa wapi kwenye sikukuu, Shemeji? Meza ya mbele utapata wapi uso wa kuikalia?"

"Nitakaa nyuma na wanaosugua masufuria. Nimeshawahi. Kule ndiko kuna maneno matamu."

Hakucheka. Akageuka, akatazama nje kwenye zizi. Mashine zikakoroma. Nikatazama mkate wangu, na pua ikaanza kunitoka, nikajifuta kwa pembe ya taulo lake. Ndiyo, la mkate. Sasa hata Mwalimu asingeutaka.

"Serafim angefanyaje?" akauliza bila kugeuka.

"Serafim angesema ng'ombe mgonjwa haitiwi mwenyekiti. Anaitiwa anayemjua."

Mabega yake yakashuka. Akaketi, akavuta simu.

"Nipe namba."

Aliposema na yule dada wa ofisi ya udahili, alinyoosha mgongo kama yuko kwenye maandamano ya sikukuu.

"Mimi Gilberto Toste. Nimemwandikia barua Natália, mjukuu wa Serafim. Naiondoa." Akasikiliza. "Sababu? Sababu ni kwamba sikumjua. Nilimjua babu yake."

Wanangu, nimeishi miaka mingi na wanaume, na sijaona mwanaume akijishusha kwa urefu ule bila kuinamisha kichwa. Nilitaka kumbusu mkono. Nikaushika mkate badala yake.

Lakini hakukata simu. Nyusi zake zikapanda.

"Unasema nini, dada? Rudia." Akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Shemeji, anasema hapaswi kuniambia, lakini hajui kama kuna haja tena ya kuiondoa barua. Mtoto mwenyewe amepiga simu mchana. Ameomba walifunge."

"Walifunge nini?"

"Ombi lake. Amejitoa."

Sakafu ile ni ya zege, lakini naapa ilicheza.

"Muulize kama limeshafungwa! Muulize!"

Akauliza. Akasikiliza. Saa ya ukutani, yenye picha ya ndama, ilikuwa imepita saa kumi.

"Bado. Kwa simu haitoshi, lazima athibitishe kwa maandishi kabla ya saa kumi na moja. Asipoandika, linabaki wazi, na ya mwalimu inaingia. Akiandika, basi. Mwaka huu kwisha."

"Kwa hiyo tumpate kwanza. Tumzuie asiandike!" Nilikuwa nimeshasimama, taulo limeanguka. "Simu yake haipokei tangu asubuhi. Darasani hutoka saa sita. Yuko wapi huyu mtoto, Gilberto, yuko wapi?"

Akanitazama kama ng'ombe aliyeuliza maziwa yanatoka wapi.

"Shemeji, si ndilo ulilokuja kunishukuru?"

"Lipi?"

"Natália yuko hapa tangu alfajiri. Alikuja kuomba kazi, zamu yoyote, nikampa. Mtu niliyemwandikia sifa zile ningemnyima vipi?" Sauti ikamdidimia. "Nilijua ni kazi ya likizo. Nilijua umemtuma wewe."

Kumbe kabari yangu ilikuwa imefungua mlango. Mlango wa zizi. Maisha yangu yote nimekamua ng'ombe wa watu ili mtoto yule asiwakamue, na barua niliyoitia stempu kwa ulimi wangu ndiyo iliyompatia nafasi ya kuwakamua.

Mashine nyuma ya ukuta zikanyamaza. Zamu ilikuwa inabadilika.

Mlango wa upande ukafunguliwa, akaingia Natália. Aproni ya mpira hadi miguuni, nywele kazifunga kwa kamba ya kufungia majani makavu, na chini, mabuti ya mpira ya babu yake, yale niliyoyaficha nyuma ya mashine ya kufulia nisiyaone. Mkono mmoja umeshika glavu. Mwingine umeshika simu, kioo kinawaka, na kidole gumba kiko juu yake, tayari kuandika.

Akamtazama Gilberto na simu yake. Akautazama mkate. Akanitazama mimi.

"Bibi," akasema, bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma, "na hapa pia umekuja kuniombea?"

Nikageuka kwa Gilberto. Gilberto akawatazama malkia wake ukutani.

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na mtu wa kumtanguliza.